Kitufe cha Enregistrer si cha Kuagia

Vijana wangu, kila mnapokuja kunitembelea mnaniuliza ni lugha gani ya programu iliyo bora. Sijui. Zile nilizofanyia kazi zimekufa karibu zote, na mimi ningali hai, nalima maharagi yangu. Ninachojua ni kidogo kuliko hicho, na leo nakiandika ili nisiendelee kukirudia kwa mdomo huku chai inapoa: kabla programu yako haijahifadhi fomu, iangalie kwanza kama kuna kitu kilichobadilika. Kama hakuna, iache kama ilivyo.

Mnacheka. Mnaona hiyo ni kazi ya kumaliza kabla sombe haijaiva. Hata mimi niliona hivyo, na ndiyo maana nawaandikia.

Kwa wasionijua: naitwa Mama Neema. Nilianza kama daktilo, nagonga mashine ya kuandika katika biro, ofisi ile ya ushirika wa wakulima wa maharagi. Kompyuta zilipoletwa, wakubwa wa biro walizifunika vitambaa vizuri zisipate vumbi, na zikakaa hivyo mpaka siku nilipochoka kuzitazama nikazifunua. Nikawa mwingiza data. Halafu kijana aliyetutengenezea kurasa za ushirika akaenda Goma kuoa, na hakurudi. Mtu alitakiwa kuzishika kurasa zile, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu nazo. Hivyo ndivyo watu wengi wa rika langu walivyopata ufundi huu, msidanganywe na diploma mnazoziona ukutani.

Ushirika ulikuwa na kurasa rahisi. Kila familia ya mkulima ilikuwa na fishi yake, yaani kadi ya habari zake: jina la mwenye nyumba, simu, idadi ya watoto, anacholima, na sehemu ya kuchukulia mbegu. Depo zilikuwa Nyabiondo, Kashebere na Kibua. Baada ya mavuno kila familia inarudisha mbegu kidogo, na kabla ya kupanda lori linazigawa tena. Lori linafuata fishi. Fishi ikisema Nyabiondo, mfuko wako unashushwa Nyabiondo, hata kama wewe mwenyewe unaishi mwezini.

Sisi wa biro hatukuruhusiwa kugusa fishi ya mkulima. Anayemjua ndiye anayeandika, yaani mtu wa depo. Kanuni ile niliipenda na bado naipenda, ijapokuwa kuna wakati ilinitoa jasho.

Huko Kashebere mtu wa depo, aliyeandika fishi za Kibua pia, alikuwa Mama Kahindo, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka na pikipiki za kubeba mizigo. Alipewa kazi kwa sababu alikuwa na pano ya jua na kompyuta, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumnyima. Alinifundisha ufundi wangu bila kujua kwamba anafundisha. Kabla ya kumpa motari pikipiki, aliizunguka yote: kioo, taa, tairi, mkanda wa mzigo. Jioni ikirudi anaizunguka tena. Nilimwuliza kwa nini hamwulizi tu dereva kama amegusa kitu.

"Kugusa? Atagusa, si ni motari?" akaniambia. "Anaweza kutoa tairi, akairudisha. Hiyo haiko kazi yangu. Mi nataka kujua kama ile iliyotoka njo hii imeingia."

Hapo pana nusu ya somo langu. Kuna watengenezaji wanaosikiliza vidole: mtu akigonga herufi moja tu, wanaweka alama kwamba fomu imebadilika. Mtu anafuta jina la mkulima, anakumbuka kwamba lilikuwa sahihi, analiandika vilevile. Vidole vimefanya kazi, fishi ni ile ile. Kuguswa si kubadilika. Chukua picha ya fomu inapofunguliwa, na mwishoni ilinganishe na iliyopo. Mama Kahindo aliyajua hayo na hajawahi kuandika programu hata moja.

Basi, mwaka mmoja, wakati watu wanasafisha mashamba na mawingu yanaanza kukaa juu ya vilima, Mama Kahindo akanipigia simu. Sauti yake haikuwa ya salamu.

"Mama Neema, ile ordinatere yenu iko naniharibia jina."

"Kompyuta imefanya nini, mama?"

"Mama Riziki iko hapa mbele yangu. Nilimubadilishia depo, nikaweka Kibua. Akarudia hapa kwangu, nafungua, naona tena Nyabiondo. Nikabadilisha mara ingine. Leo nafungua: Nyabiondo! Anafikiri niko namudanganya."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke mwingine: "Umuambie mvua haingojake ordinatere."

Mama Riziki alikuwa mkulima wa Nyabiondo, kwenye mteremko juu ya njia. Mambo ya barabara yetu mnayajua, usalama ulikuwa umeondoka. Yeye na watoto wakahamia Kibua, kwa shangazi yake. Shangazi akampa kipande cha shamba. Kwa desturi yetu shamba la kupewa hivyo unalipanda mvua za kwanza zinaposhuka. Ukiliacha tupu, umesema kwamba hulitaki, na linarudi kwa mwenyewe ampe mwingine. Mama Riziki alikuwa amelilima lote kwa jembe, udongo uko wazi, na mbegu zake, ambazo alizirudisha mwenyewe msimu uliotangulia, zilikuwa zinaelekea Nyabiondo. Njia ya kutoka Kibua kwenda kuzichukua haikuwa, siku zile, njia ya mama peke yake na mtoto mgongoni. Bila mfuko ule alikuwa hana shamba, na bila shamba alikuwa mgeni tu jikoni kwa shangazi yake.

Nikawauliza wenzangu wa biro. Wakasema ni rezo, yaani mtandao. Kwetu kila kosa lisilo na mwenyewe huitwa rezo. Lakini rezo mbaya hupoteza kitu. Hairudishi neno la zamani na kuliweka mahali pake vizuri namna ile. Nikatazama mtu wa mwisho kuhifadhi ile fishi. Alikuwa Papa Bauma wa depo ya Nyabiondo.

Nilikasirika, sifichi. Papa Bauma alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa ukoo wa zamani katika vilima vile, na nikadhani ameanza kujiwekea mifuko ya watu walioondoka. Nikapanda pikipiki. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia, na yalikuwa maneno makali.

Nilifika mapema, yeye ameshakaa mbele ya ekra ya kompyuta, kofia yake juu ya goti. Akanipa kiti na viazi vitamu, nikaona bora nile kwanza ndipo nigombane. Kwa hiyo nikamtazama akifanya kazi. Vijana, kabla hujamlaumu mtumiaji, kaa karibu naye umtazame bila kusema kitu. Ni kazi ngumu kuliko programu yoyote, hasa kwa watu wenye mdomo kama mimi.

Asubuhi rezo ya Nyabiondo ni nzuri. Papa Bauma alifungua fishi za familia moja baada ya nyingine, kila moja kwenye ukurasa wake, akisoma jina kwa sauti ndogo. Hakufunga hata moja. Saa zilivyokwenda rezo ikaanguka kama kawaida yake, na yeye akaenda kuwapimia watu mbegu huku kurasa zote zinabaki wazi. Mchana ukapita. Rezo iliporudi akakaa, akaanza kufinya Enregistrer, kile kitufe cha kuhifadhi, ukurasa mmoja, ukurasa wa pili, mpaka wa mwisho. Hakuandika herufi hata moja.

"Papa," nikasema, "umebadilisha nini hapo?"

"Hakuna kitu, mama. Niko nabapitia tu."

"Sasa kama haubadilishe kitu, juu ya nini unafinya Enregistrer?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto asiyefunzwa kwao. "Weye unaingiaka kwa muntu, unatoka bila kuaga?"

Akaendelea, sasa polepole zaidi. "Na tena, mulisema ninyi benyewe: fishi yenye haiguswe, machini inailalisha. Hizi famili njo zenye zilienda. Mi nikibaacha, batalala. Siku bakirudia, bataambiwa habako bantu ba hapa. Mi sitaki muntu wangu alale wakati niko nakaa hapa."

Alikuwa na haki. Kurasa zetu zilikuwa na kanuni hiyo: fishi ikikaa muda mrefu bila kuguswa, inaitwa imelala, na haionekani tena kwenye orodha. Mzee alikuwa anawashikia watu nafasi yao kwa kidole kimoja, kila siku ya kazi. Hasira yangu ikaniishia pale kwenye kiti.

Sasa oneni jambo lilivyokuwa. Asubuhi Papa Bauma anafungua fishi ya Mama Riziki inayosema Nyabiondo. Mchana, kule Kashebere, Mama Kahindo anaandika Kibua. Jioni Papa Bauma anaaga. Ukurasa wake unatuma kila kitu alichokiona asubuhi, pamoja na neno Nyabiondo, na seva inapokea kwa utii. Programu yetu haikujua kuaga, ilijua kuandika tu. Wale waliohama ndio aliowapenda kuliko wote, na wale wale ndio aliokuwa anawarudisha kila jioni mahali wasipokuwepo.

Nilimweleza. Akasikiliza, akasema, "Nimesikia." Kwetu "nimesikia" si "nitaacha." Nikajua dawa haitakuwa maneno.

Nikalala Nyabiondo, na kesho yake nikafungua kompyuta yangu pale depo, na hapa ndipo nilipojifunza kwamba kulinganisha vitu viwili ni kazi ya watu wazima. Jaribio la kwanza lilisema hakuna kinachobadilika kamwe. Niliandika Kibua, niliandika Paradiso, ekra inaniambia hakuna kilichobadilika. Sababu: nilidhani nimeweka picha ya fishi, kumbe nilikuwa nimeipa fishi ile ile jina la pili. Ikibadilika, na "picha" inabadilika nayo. Tengenezeni nakala ya kweli, mpaka ndani kabisa, hata orodha zilizomo ndani yake.

Jaribio lililofuata likafanya kinyume, likasema kila kitu kimebadilika. Familia zisizo na simu: seva inaleta utupu, fomu inarudisha neno lisilo na herufi, na kwa mashine hivyo si kitu kimoja. Mtu mwenye watoto wanne: seva inaleta namba, fomu inarudisha maandishi. Mtu aliyeandika jina lake akaacha nafasi mwishoni. Mtu anayelima maharagi na muhogo, fomu ikamrudisha kuwa analima muhogo na maharagi. Papa Bauma alikuwa anachungulia begani kwangu.

"Hii inasema amebadilika," akasema. "Amebadilika nini? Muhogo imetangulia maharagi? Hata kwa shamba inafanyaka vile."

Akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka. Basi safisheni pande zote mbili kwa namna moja kabla ya kulinganisha: ondoeni nafasi za pembeni, utupu uwe wa aina moja, namba ziwe namba, orodha isiyojali mpangilio ipangeni. Fomu ikishahifadhiwa, chukueni picha mpya, la sivyo italinganishwa na ya zamani na kitufe, ambacho kinapaswa kuzimika pasipo badiliko, hakitazimika. Na msiiachie ekra peke yake kazi ya ulinzi. Tumeni tu sehemu iliyobadilika, na seva nayo iulize: tangu huyu afungue fishi, kuna mwingine aliyeiandika? Kama yupo, isimamishe, imwonyeshe. Kulinganisha kwa ekra kunazuia kuaga kwa Papa Bauma. Kulinganisha kwa seva kunazuia watu wawili wanaobadilisha kweli, kila mmoja kwake.

Lakini mzee alinipa tatizo ambalo hakuna kitabu kilichonionya juu yake. Nikizuia kuhifadhi kusikobadilisha kitu, familia zake zitalala. Alikuwa ametumia kitufe kimoja kwa mambo mawili kwa sababu sisi tulimpa kitufe kimoja. Nikaongeza kingine kidogo kando yake: "Nimepitia." Kinaandika tu kwamba mtu wa depo ameitazama familia hii, na hakigusi kitu kingine chochote. Hicho ndicho kipande cha kazi yangu ninachokipenda, na kilikuwa kifupi kuliko vyote.

Lori likafika kabla sijamaliza kumweleza. Linatoka Masisi, linapita Nyabiondo kwanza, ndipo linaendelea Kashebere na Kibua. Wapakuzi wakaanza kushusha mifuko ya Nyabiondo, na mfuko wenye jina la Mama Riziki ukashuka nayo. Nikampigia Mama Kahindo abadilishe fishi upesi. Akapokea kwa kelele: mawingu yalikuwa yameziba jua kwake, pano imekufa, kompyuta imekufa. Mimi wa biro sikuruhusiwa. Akabaki mtu mmoja tu mwenye haki na mwenye ekra inayowaka.

Papa Bauma akafungua fishi ya Mama Riziki. Enregistrer ikakaa ya kijivu, na chini yake maneno: hakuna kilichobadilika. Akaifinya. Haikufanya kitu. Akaifinya tena kwa nguvu, kana kwamba imekwama.

"Sasa munanikataza kuaga bantu bangu?"

"Apana, papa. Kuaga iko hapa." Nikamwonyesha kitufe kidogo. "Ukifinya hii, haatalala. Lakini mbegu zake zitabaki hapa."

Dereva akapiga honi. Nje watu walikuwa wanafunga turubai. Niliogopa, nasema wazi, kwa sababu ningeweza kusogeza mkono nikaandika mwenyewe, na nilijua nikifanya hivyo kanuni yetu itakuwa imekufa na mzee hatakaa tena mbele ya ekra ile. Nikaushikilia mkono wangu chini ya meza.

"Iko na shamba kule?" akauliza.

"Shangazi yake alimupatia. Amelima tayari."

"Amelima yote?"

"Yote. Inangoja mbegu."

Akavaa kofia, akaivua. Kisha akafungua ile orodha ndogo ya depo, akalitazama neno Nyabiondo, akachagua Kibua. Enregistrer ikawaka.

"Sasa njo kitu imebadilika," akasema, akafinya.

Akatoka mwenyewe, akawasimamisha wapakuzi, akaubeba ule mfuko begani mpaka kwenye lori ingawa walikuwepo vijana wenye mabega mapana kuliko yake. Mama Kahindo alinisimulia baadaye kwamba Mama Riziki aliupokea Kibua kabla dereva hajazima injini, akapita moja kwa moja hadi shambani, na shangazi akashika jembe kumsaidia kufunika mashimo. Mvua ikawakuta huko huko, na hawakukimbia.

Lakini siku ile mimi nilikuwa bado nimekaa depo, nakusanya waya zangu. Papa Bauma alirudi, akapangusa vumbi la mfuko begani, akakaa, akafungua fishi iliyofuata. Familia nyingine iliyoondoka. Enregistrer ya kijivu. Nikadhani atafinya kile kidogo aende mbele. Hakukifinya. Alilisoma jina kwa sauti, akanigeukia.

"Na hawa," akasema, "bako wapi sasa?"

Sikujua. Tukatoa simu, tukaanza kuuliza.